Andika Namba Moja Tu

Sehemu ya Tisa

Haya, tulieni. Wiki nzima mmenisumbua mkitaka kujua kulikuwa na nini kwenye ile karatasi iliyokunjwa, ambayo Mama Mwenyekiti aliisukuma mezani kwa kidole kimoja. Nawajibu sasa hivi ili tuendelee na safari: hakukuwa na kitu.

Bi Sponji aliigeuza mbele, akaigeuza nyuma. Nyeupe pe.

"Wagombea mmebaki wawili," Mama Mwenyekiti alisema. "Kila mmoja nampa karatasi na kalamu ya bluu. Andika mshahara unaoutaka kwa mwezi. Namba moja tu. Usiandike jina, usiandike maelezo. Nataka kusoma namba, sitaki kusoma mtu. Saa tisa kamili alasiri uirudishe hapa."

"Na kama namba yangu haitakupendeza?"

"Nitakushukuru kwa kuja."

Basi. Hakuna kupatana, hakuna kupunguziana. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu asubuhi.

Kwa wewe uliyeazima gazeti kwa jirani na hujui tulikotoka, nakupa kwa pumzi moja. Bi Sponji ni kaimu meneja wa uzalishaji katika kiwanda cha magodoro. Jina hilo alipewa na vibarua, kwa sababu hukandamiza sponji kwa kiwiko, akafumba macho, akakutajia uzito wake bila mizani. Amekaimu miaka saba. Jumatatu ijayo analetwa meneja mpya, na atakayemfundisha kazi ni nani? Ni yeye. Ndipo akaomba kazi ya Meneja Mkuu kwenye kiwanda cha vitanda ng'ambo ya barabara, akavuka usaili wa kwanza, wa pili na wa tatu mbele ya Mama Mwenyekiti wa bodi yake. Sasa kati yake na kiti kile imebaki namba. Akiandika ndogo, atadharauliwa. Akiandika kubwa, ataonyeshwa mlango. Na Jumatatu itafika vilevile.

Alifika nyumbani anahema.

Mumewe anafundisha hesabu, na mtaa mzima humwita Mwalimu, hata dada yake wa tumbo moja. Shule zilikuwa zimefungwa, naye alikuwa sebuleni akiufuta ubao wake mdogo mweusi kwa kitambaa kibichi, kwa kukosa la kufanya.

"Mwalimu, nina namba ya kutafuta. Mwisho saa tisa."

Hebu mwambie mwalimu wa hesabu maneno hayo wakati wa likizo uone. Macho yalimng'aa. Chaki ikawa mkononi kabla mkewe hajavua viatu.

"Unalipwa ngapi sasa?"

"Si unajua?"

"Kwenye ubao hatuandiki 'si unajua'."

"Laki tisa."

"Vizuri. Mtu akihama kazi huongeza thuluthi. Thuluthi ya laki tisa ni laki tatu. Jumla, milioni moja na laki mbili." Akaizungushia duara. "Imekwisha. Nani anapika?"

Bi Sponji aliitazama namba ile. Ilikuwa na adabu zake, lakini haikumpandisha moyo hata kidogo.

"Milioni moja na laki mbili za nini?" sauti ikauliza mlangoni. "Za kukodi kiti?"

Alikuwa wifi yake, msusi, mwenye saluni mlango wa tatu kutoka hapo. Alikuwa na uchanuo umechomekwa nyweleni na amemwacha mteja chini ya mashine ya kukaushia. Umbea ukipita, wifi hakosi.

"Dada, hizi ni hesabu," Mwalimu alisema.

"Naona. Mke wako anakwenda kuongoza watu mia tatu, wewe umempigia hesabu ya kaimu aliyebahatika."

"Hesabu haidanganyi."

"Haidanganyi, ila umeanzia pabaya. Laki tisa yenyewe ni uonevu. Ukichukua uonevu ukauongeza thuluthi, unapata uonevu ulionona."

Mwalimu alikichukua kitambaa, akaigeukia namba yake. Akaifuta.

"Wifi, kuuliza si ujinga," msusi akaendelea. "Nani unamjua anayekaa kwenye kiti kama hicho?"

Alikuwepo mmoja tu. Mzee Tai, Meneja Mkuu wa kiwanda cha magodoro, bosi wake mwenyewe. Mzee huyu hakuwahi kuonekana bila tai. Hata siku bohari ilipofurika maji alikunja suruali hadi magotini, tai ikabaki shingoni.

"Nimpigie bosi wangu kumuuliza nimkimbie kwa bei gani?"

"Sema ni rafiki yako. Na uweke sauti tuisikie."

Simu iliita mara mbili.

"Binti yangu!" Mzee Tai alipokea. "Mashine imesimama?"

"Hapana, mzee. Nina rafiki yangu, nilisoma naye. Anafanya usaili wa umeneja mkuu, mji mwingine kabisa. Wamemuuliza anataka mshahara gani, naye hajui aseme ngapi."

Upande wa pili palisikika mtu akikohoa na kujiweka sawa kitini. Kilemba cha ukoka kilikuwa kimemkaa vizuri.

"Umemuuliza mtu mwenyewe. Mwambie asizidi milioni moja na nusu. Mimi nimekaa kiti hiki miaka kumi na moja, ndicho ninachopokea, na kila mwezi nasema ahsante. Ni mwanamke?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi apunguze kidogo. Bodi huogopa mwanamke mwenye tamaa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Haya, nina haraka, nina miadi saa tisa."

Simu ikakatika.

"Ainame!" wifi alifoka. "Nani kamwambia tunataka cha mvunguni? Tunataka kitanda chenyewe!"

Mwalimu alicheka hadi chaki ikamponyoka. Bi Sponji hakucheka. Aliketi kwenye mkono wa kochi, akaishika ile karatasi nyeupe kwa ncha za vidole.

"Miaka yote hii nilidhani yule mzee analipwa milioni sita," alisema. "Nilikuwa nikiingia ofisini kwake natetemeka. Kumbe milioni moja na nusu, na anashukuru." Akaikunja ile karatasi. "Labda ndiyo bei yetu, Mwalimu. Labda watu wa magodoro ndiyo bei yetu."

Alihuzunika, tena kwa dhati. Akamwonea huruma Mzee Tai, akajionea huruma yeye mwenyewe, na saa ikasogea hadi saa saba na robo.

Mwalimu aliokota chaki yake. Alikuja akachuchumaa mbele yake, jambo ambalo kwa kitambi chake si dogo.

"Mke wangu, godoro mnalipangiaje bei?"

"Tunapima. Sponji ina uzito gani, itabeba mtu wa kilo ngapi, kwa miaka mingapi bila kubonyea."

"Hamuulizi godoro la mwaka jana liliuzwa ngapi?"

"La nini? Tunauliza hili litabeba nini."

"Basi?"

Bi Sponji alimtazama. Kisha akasimama ghafla, nusura amwangushe.

"Lete hiyo chaki!"

Safari hii alishika ubao yeye. Maneno yalimtoka kama bomba lililozibuka.

"Nilipoanza kukaimu, kiwanda chetu kilikuwa kinasimama siku thelathini na sita kwa mwaka. Mara mkanda umekatika, mara dawa za kuumulia sponji hazijafika, mara fundi amenuna. Sasa kinasimama siku sita."

"Umeokoa siku thelathini," Mwalimu alisema.

"Kule kwenye vitanda wanasimama siku arobaini. Mama Mwenyekiti alinieleza mwenyewe, nikaandika kwenye daftari." Akalipekua. "Hii hapa. Zamu moja ikisimama, wanapoteza milioni nane."

"Na huko nako unaweza kuokoa siku thelathini?"

"Thelathini nitaziokoa nimefumba macho."

"Thelathini mara milioni nane?"

"Milioni mia mbili na arobaini kwa mwaka!"

"Gawa kwa miezi kumi na miwili."

"Milioni ishirini kwa mwezi!"

"Na katika hizo unazowaokolea, wewe unataka sehemu gani?"

Wifi aliuchomoa ule uchanuo kichwani akaubana kwa meno.

"Robo," Bi Sponji alisema polepole. "Wao wabaki na robo tatu. Hapo hakuna atakayeniita mwenye tamaa."

"Robo ya ishirini?"

"Tano."

"Milioni tano," Mwalimu alinong'ona.

"Milioni tano!" wifi akapiga kelele.

Ndugu msomaji, kilichofuata si cha watu wazima. Wifi alinyakua ufagio akaanza kuzunguka nao sebuleni kama bwana harusi na mwenzake. Mwalimu alimbusu mkewe kwenye paji la uso, akamwachia alama ya chaki. Bi Sponji alicheka, akalia, akacheka tena. Kelele zilifika hadi saluni, na yule mteja aliyeachwa chini ya mashine akaja mbio na roli zake kichwani, akidhani kuna moto.

"Kuna nini?"

"Wifi yangu anakwenda kuwa Meneja Mkuu kiwanda cha vitanda!"

"Alaa! Mume wangu ni seremala pale," mteja alisema. Akabaki ameukodolea ubao macho, midomo ikitembea kama anayesoma barua ya mtu.

Bi Sponji hakuwa na muda wa wateja. Aliitandaza karatasi mezani, akaandika kwa kalamu ya bluu: 5,000,000. Mkono ulimtetemeka kwenye sifuri ya nne, akapiga moyo konde, akazimaliza zote. Akaikunja, akatoka, alama ya chaki bado iko pajini.

Saa tisa kasoro dakika tano alisukuma mlango wa chumba cha kusubiria, kiwanda cha vitanda, ghorofa ya pili. Palikuwa na viti sita. Kimoja kilikuwa na mtu.

Mtu huyo alikuwa na tai nyekundu.

"Binti yangu!" Mzee Tai aliruka. "Umeniletea faili hadi huku?"

"Sikuleta faili, mzee." Akamwonyesha karatasi. "Nimeleta hii."

Mzee Tai alitazama karatasi ile. Akatazama yake, iliyokunjwa vilevile.

"Yule rafiki yako uliyesoma naye..."

"Nilisoma naye darasa moja, dawati moja, mzee. Ni mimi. Na ile miadi yako ya saa tisa..."

"Ndiyo hii."

Walitazamana. Ilibaki kidogo wacheke wote wawili, na huenda wangecheka, lakini katibu muhtasi alifungua mlango akawaita waingie pamoja.

Mama Mwenyekiti alikuwa amekaa peke yake kwenye meza ndefu ya mbao. Mbele yake palikuwa na bakuli tupu la kuwekea skrubu.

"Tumbukizeni humu."

Wakatumbukiza. Akalitikisa bakuli mara tatu, akachomoa karatasi ya kwanza, akaifungua na kuvaa miwani.

"Milioni moja na laki sita," alisoma.

Bi Sponji alijua ni ya nani. Mzee wa watu alikuwa amechukua mshahara wake, akaongeza laki moja ya nauli.

"Huyu," Mama Mwenyekiti alisema, "haombi kazi. Anaomba radhi."

Akaiweka kando. Akafungua ya pili. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio wake, akaivaa tena.

"Milioni tano."

Akaigonga karatasi kwa kidole.

"Aliyeandika hii ama ni kichaa, ama anajua jambo nisilolijua. Na mimi nimechoka kufanya kazi na watu wanaojua yale yale ninayoyajua." Akainua karatasi juu. "Kazi ni yake. Nani kaandika?"

Bi Sponji alivuta pumzi ajibu. Pumzi ile ilikuwa ndefu mno.

"Mimi," alisema Mzee Tai.

Mkono wake ulikuwa juu, umenyooka, na kifungo cha mkono wa shati kinameremeta.

Bi Sponji alipigwa na butwaa. Miaka kumi na moja ya kushukuru, na leo ndiyo siku mzee ameamua kuamka!

"Si kweli!"

"Mama Mwenyekiti, msamehe," Mzee Tai alisema kwa upole wa kutisha. "Huyu binti yuko chini yangu kazini. Ni mchapakazi, nitakuja naye hapa awe msaidizi wangu. Lakini hiyo ndogo ni yake. Leo hii hii alinipigia simu kuniuliza aombe ngapi, nikamwambia asizidi milioni moja na nusu. Muulize kama hakunipigia."

Mama Mwenyekiti aligeuka. "Ulimpigia?"

"Nilimpigia, lakini—"

"Akakwambia milioni moja na nusu?"

"Aliniambia, ila mimi—"

"Umeona?" Mzee Tai alisema, akiinyoosha tai yake.

Maji yalikuwa yamemfika Bi Sponji shingoni. Jina halimo kwenye karatasi, kalamu ni zile zile za bluu, na kila alichosema mzee kuhusu simu kilikuwa kweli. Jumatatu ilimjia machoni: mgeni mwenye mkoba mpya, naye akimwonyesha mashine moja moja. Kisha akakumbuka chaki.

"Mama Mwenyekiti," alisema, "namba hiyo haikuokotwa. Ina hesabu nyuma yake. Muulize ameifikiaje."

"Swali zuri." Miwani ikamgeukia mzee. "Umeifikiaje?"

"Kwa... uzoefu."

"Uzoefu wa milioni tano, sio nne, sio sita?"

"Ni uzoefu wa... kadirio la..." Mzee Tai alilegeza tai. Hata siku ya mafuriko hakuna aliyemwona akifanya hivyo. "Nitaeleza. Kwanza kabisa—"

Mlango ukafunguka kwa kishindo.

Aliingia Mwalimu, ubao mweusi uko kichwani ameushika kwa mikono miwili. Nyuma yake wifi, uchanuo mdomoni. Nyuma ya wifi, yule mteja na roli zake. Na nyuma ya wote mlinzi wa getini, anahema, akiomba watu waandike majina kwenye kitabu.

"Mke wangu, usiitoe hiyo karatasi!" Mwalimu alipiga kelele. "Ile milioni tano ina kosa! Hesabu ina kosa kubwa!"

Hata mlinzi akaacha kuhema.

Mama Mwenyekiti aliweka viganja vyote viwili mezani. "Kosa," alisema. "Kwenye milioni tano hii." Akawatazama wawili wale, mmoja baada ya mwingine. "Basi nauliza kwa mara ya mwisho. Hesabu yenye kosa ni ya nani?"

Mzee Tai alirudi nyuma upesi kuliko alivyoinua mkono.

"Si yangu," aliruka kimanga. "Mimi na hesabu za ubaoni wapi na wapi? Yangu ni ile milioni moja na laki sita. Safi kabisa, haina kosa."

Bi Sponji hakujua kosa ni la kupanda au la kushuka. Hakujua kama ameomba mara kumi ya haki yake, au kama ameonekana mjinga mbele ya yule mama aliyekuwa tayari kumpa kazi. Lakini miaka saba alikuwa amefanya kazi ambayo sifa zake zilikwenda kwa mwingine, na leo hakuwa tayari kugawa hata makosa yake.

Akainua mkono.

"Ni yangu," alisema. "Pamoja na kosa lake."

Mama Mwenyekiti alimgeukia mwenye ubao. "Bwana, geuza ubao."

"Ni huyu dada wa roli aliyeligundua," Mwalimu alisema, akiutua ubao mezani. "Mwambie, dada."

"Mimi nilisema tu," mteja alijibu kwa haya, "mbona wameandika zamu moja kwa siku? Mume wangu yuko zamu ya usiku hapa mwaka wa sita. Sijui hata kama anakoroma."

Bi Sponji alijipiga kofi la paji la uso, chaki ikamrukia puani. Sponji ikishaumuliwa hulazwa usiku kucha ipoe, ndiyo maana kiwanda cha magodoro hufungwa jioni. Kwake yeye siku ilikuwa zamu moja, tangu aanze kazi. Mbao hazina haja ya kulala.

"Zamu mbili!" alisema. "Siku ikisimama si milioni nane, ni kumi na sita!"

"Vitanda havilali, mke wangu," Mwalimu alisema kwa huzuni, kama anayekiri dhambi.

Chini kabisa ya ubao, ndani ya duara la chaki, palikuwa na namba mpya: 10,000,000.

Mzee Tai aliisoma, akatafuta kiti, akakaa. Kilichomuuma hapo ni ile miaka kumi na moja.

Mama Mwenyekiti alisimama. Alikwenda hadi mlangoni, akaufunga kwa ufunguo, mlinzi akiwa bado ndani na kitabu chake. Akarudi. Akachukua karatasi nyingine nyeupe na kuisukuma mezani kwa kidole kimoja, hadi ikasimama mbele ya Bi Sponji.

"Karatasi yako inasema tano," alisema. "Ubao wako unasema kumi. Mimi asubuhi nilisema namba moja tu. Andika."

Mwalimu alifumba macho. Wifi aliung'ata uchanuo hadi ukakatika jino moja.

Bi Sponji alishika kalamu ya bluu. Safari hii mkono haukutetemeka kwenye sifuri hata moja. Akaandika, akaikunja, akairudisha.

Mama Mwenyekiti aliifungua.

Haikuwa tano. Wala haikuwa kumi. Ilikuwa ngapi? Tulieni hadi wiki ijayo.